Mwenye Kula na Mwenye Kulisha

Maswali ya maadili aghalabu hutujia sisi walimu kutoka vitabuni, nayo huja yakiwa yamekwisha kunyolewa na kuvikwa nguo safi. Swali tunalotaka kulijadili hapa halikuja kwa njia hiyo. Lilitujia mlangoni jioni moja ya mwezi wa Juni mwaka 2021, likiletwa na mzee mmoja mpishi wa hapa Gisenyi. Mzee huyo hakuwa akitafuta falsafa. Alikuwa akitafuta mtu wa kumwambia kama ametenda dhambi au hakutenda. Tulikuwa walimu wanne barazani, tukisahihisha insha za wanafunzi. Tangu jioni ile hatujaacha kubishana, na kwa kuwa ubishi wenyewe umeigusa hata kazi yetu ya lugha, tumeona si vibaya kuwashirikisha wasomaji.

Kwa wale wasioufahamu mji wetu, Gisenyi uko katika wilaya ya Rubavu, kaskazini mwa Ziwa Kivu, nao umegusana na Goma ya Kongo hata nyumba za pande mbili zatazamana. Kiswahili chetu huvuka mpaka kila alfajiri pamoja na vikapu vya nyanya na viazi. Karibu na ufuko yako majumba makubwa yenye bustani, na mengi hupangishwa kwa wageni ambao kazi zao ziko huku na huko. Mzee wetu alikuwa mpishi katika mojawapo ya majumba hayo. Mwenye nyumba alikuwa na nyoka aliyemfuga ndani ya sanduku la kioo: chatu mdogo wa Afrika Magharibi, yule ambaye wataalamu humwita Python regius. Hana sumu, urefu wake haukufika mita moja na nusu, na akiogopa hujikunja akawa kama mpira, kichwa kikiwa katikati. Kwa maneno ya mzee, nyoka yule alikuwa mpole kuliko kuku.

Upole huo haukumwondolea haja ya kula. Kila baada ya siku kumi hivi mzee alipewa sarafu chache awape vijana wa mtaani, nao wakamletea panya mzima aliyenaswa mtegoni. Kazi ya mzee ilikuwa kufunua kifuniko, kumtia panya ndani, kisha kufunika. Mara nyingine mwenye nyumba alikuwa na wageni, na wageni wakajongeza viti na bilauri zao karibu na kioo. Mzee alituambia kwamba katika siku hizo alikuwa akirudi jikoni upesi na kufungua bomba la maji, hata kama hapakuwa na chombo cha kuosha.

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021 ilikuwa siku ya kulisha. Panya alitiwa sandukuni magharibi. Usiku haujakomaa, mbingu upande wa Goma zikawa nyekundu, maana Nyiragongo ulikuwa umelipuka. Wengi wetu tunaukumbuka usiku ule: maelfu ya watu wakivuka mpaka na magodoro vichwani, watoto wakilia, kila nyumba ya Gisenyi ikipokea jamaa. Mwenye nyumba alichukua hati zake akaondoka kwa gari kuelekea Kigali. Mzee alikimbilia kwake, kwa kuwa dada yake na watoto sita walikuwa wamefika kutoka Goma bila viatu. Kisha ikaja mitetemeko ya ardhi, siku baada ya siku, ikapasua kuta na barabara za Rubavu. Mzee aliporudi katika nyumba ile siku ya tatu, umeme ulikuwa umekatika, na taa iliyokuwa ikimpa nyoka joto ilikuwa imezimika.

Chatu hakula. Nyoka mwenye baridi hana nguvu ya kuwinda wala ya kusaga chakula tumboni, na Gisenyi, uliopo mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, una usiku wa baridi. Tena nyoka aliyeshtushwa hukataa chakula. Panya naye alikuwa amefungiwa siku mbili na zaidi bila punje ya mahindi wala tone la maji, ndani ya sanduku lisilo na tundu, pamoja na adui yake. Alifanya alichoweza. Alimtafuna nyoka mgongoni mpaka mfupa ukaonekana. Mzee alipofunua kifuniko aliona viumbe wawili waliochakaa, kila mmoja katika pembe yake. Alimtoa panya akampiga mchi mmoja, nyoka akamfunga kitambaa safi.

Baadaye alikuja kwetu. Alisema, "Mwalimu, mimi ni mpishi. Nimepika miaka thelathini, nimechinja kuku wasiohesabika, na sijapata kukosa usingizi kwa sababu ya kuku. Lakini kile nilichokuwa nikifanya pale kwenye sanduku, je, nacho ni kupika? Panya wale niliwaua mimi au aliwaua nyoka?"

Jibu la kwanza lilitolewa haraka na mwenzetu mmoja, nalo ndilo jibu ambalo watu wengi wangelitoa. Alisema, "Nyoka ndiye aliyeua. Mungu alimwumba nyoka ale panya. Ungekuwapo usingekuwapo, panya angeliwa."

Sisi wengine tulinyamaza, kwa sababu jibu lilikuwa na sura ya ukweli. Hatimaye aliyeamka kulipinga alitumia chaki badala ya Maandiko. Alichukua kipande akaandika ubaoni sentensi mbili ambazo mwanafunzi yeyote wa darasa la kwanza angeziweza:

Chatu amemla panya.

Tumemlisha chatu panya.

Akauliza: mtenda ni nani katika ya kwanza, na ni nani katika ya pili? Katika sentensi ya kwanza mtenda ni chatu. Katika ya pili mtenda ni sisi, na chatu amesogea akawa mtendewa, akiwa bega kwa bega na panya. Kitenzi ni kilekile, kula, lakini kikiingia katika kauli ya kutendesha kinamvuta mtu kutoka kando na kumweka mbele ya sentensi. Sisi twaifundisha kauli hii kila mwaka na kuwapa wanafunzi mazoezi ya kulisha, kunywesha na kuvisha, na tunapenda mifano iliyo ya huruma: mama alimlisha mtoto, mchungaji aliwanywesha ng'ombe. Hatukuwa tumefikiri kwamba kitenzi hicho kina mtendewa wa pili ambaye huenda anapumua.

Mwenzetu wa kwanza alicheka, akasema sarufi si sheria ya maadili. Ni kweli. Lakini sarufi hutunza kumbukumbu ya mambo ambayo sisi tungependa kuyasahau. Kuna siku mtu huogopa kusema "nimemlisha chatu panya", akasema "chatu amekula", na kwa kubadili kauli amejitoa chumbani. Mzee wetu hakuwa amesoma kauli za vitenzi, lakini alijua kwamba alikuwamo chumbani.

Hebu turudi kwenye hoja ya maumbile, kwa maana ni hoja nzito. Porini chatu humla panya, na hakuna amlaumuye. Kwenye kingo za Akagera mambo hayo hutokea kila usiku bila mahakama. Lakini panya wa porini ana miguu, ana shimo, ana giza, na ana masikio yanayosikia jani likisogea. Mara nyingi hukimbia akanusurika, na chatu akalala njaa. Kati yao kuna shindano, lisilo la haki pengine, lakini ni shindano. Ndani ya sanduku la kioo yote hayo yameondolewa. Shimo halipo, na aliyeliondoa si nyoka. Nyoka hakutengeneza kioo wala hakufunika kifuniko, na hata yeye mwenyewe hakuomba kuwamo. Mtu anapochukua kipande cha maumbile akakiacha kipande kingine nje, hawezi tena kusema kwamba maumbile ndiyo yaliyotenda. Ameyavunja, kisha anayataka yambebee mzigo.

Hapo mwenzetu wa tatu, ambaye ni Mwislamu na amesoma chuoni tangu utotoni, aliingia katika mjadala kwa njia ambayo hatukuitarajia. Alianza kwa kuwatetea wenye mitego. Alitukumbusha kwamba katika mapokeo ya dini yake panya ametajwa miongoni mwa viumbe watano wenye madhara, wanaoruhusiwa kuuawa hata ndani ya eneo takatifu la Makka. Basi kumhurumia panya, akasema, si wajibu wa mtu. Tukadhani amemaliza. La hasha. Aliendelea kusema kwamba ruhusa ya kuua haijapata kuwa ruhusa ya kutesa. Mapokeo hayohayo yanaamuru wema katika kila jambo, hata katika kuua: anayechinja anoe kisu chake na ampumzishe mnyama. Tena Mtume alikataza wanyama wasifungwe wala kuzuiliwa mahali ili wauawe. Na yuko yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, ambaye alimfungia ndani, asimpe chakula, wala asimwache huru ajitafutie wadudu wa ardhini.

Mzee mpishi aliyasikiliza haya ameinamisha kichwa. Kisha akasema polepole, "Basi mimi nilifanya lile la paka." Hatukumjibu. Kweli, dada yake na watoto sita walikuwa mlangoni mwake usiku ule, na mlima ulikuwa unawaka. Hakuna mtu mwenye akili ambaye angelimwambia arudi kumtoa panya. Hata hivyo tunaona kwamba alisema kweli, na kwamba hatia ilianza zamani kabla ya mlima kulipuka. Ilianza siku ile ilipoamuliwa kwamba panya hai atafungiwa na nyoka hata kama hakuna wa kusimama hapo kuwatazama. Mlima ulifanya siku mbili kile ambacho uzembe wa kawaida ungeweza kukifanya usiku mmoja, maana kila mfugaji wa nyoka mwenye uzoefu anajua kwamba panya asiyeliwa upesi humgeukia nyoka. Meno ya panya yaliumbwa kukata vitu vigumu, na nyoka aliyelala hana mkono wa kujikinga.

Baada ya hapo tulipata aibu kutoka upande mwingine. Wa nne wetu, ambaye mke wake huuza sokoni, aliuliza: je, sisi ni nani wa kuzungumza? Dukani hapo chini huuzwa sumu ya panya, na kila mmoja wetu amepata kuinunua. Sumu nyingi za siku hizi huzuia damu isigande, na panya aliyeila hufa kwa kuvuja damu ndani ya mwili, jambo linalochukua siku kadhaa. Yeye hufia ukutani, nasi hulalamika harufu. Je, panya wa sanduku hakupata heri kuliko huyo? Na sambaza, wale samaki wadogo ambao wavuvi wetu huwavua usiku kwa taa, mitumbwi mitatu ikifungwa pamoja huku wakiimba, je, hawafi wakitweta ndani ya kapu? Sisi huwala kwa ugali na pilipili, na nyimbo zile zatupendeza.

Kuhusu sambaza tulikiri kwamba hatuna jibu zuri, na hatutajifanya tunalo. Kuhusu sumu, tunaona kuna tofauti kati ya mtu anayelinda mahindi yake na mtu anayeleta kiumbe ndani ya nyumba kwa makusudi ili afe. Wa kwanza ana haja ambayo hakujichagulia. Lakini tofauti hiyo haimsafishi. Kama ipo njia ya kumwondoa panya kwa pigo moja la mtego wenye nguvu, kisha tukachagua siku nne za kuvuja damu kwa sababu sumu haituchafui mikono, basi sisi na wale wageni wenye bilauri tu ndugu. Wao walitazama, sisi hatutazami. Hatujui ni lipi baya zaidi. Jeremy Bentham aliandika mwaka 1789 kwamba swali la kuuliza juu ya wanyama ni kama wanaweza kuumia, wala si kama wanaweza kufikiri au kusema. Maneno hayo yana zaidi ya karne mbili na bado dukani kwetu hayajafika. Turudi kwenye nyoka.

Kuna jambo ambalo wanaomhurumia panya hulipitia haraka, nasi twataka kuwa waaminifu. Kifo cha panya mikononi mwa chatu, tuseme mwilini mwa chatu maana mikono hana, si kirefu kama tulivyodhani. Zamani ilifundishwa kwamba nyoka mwenye kukaba huua kwa kuzuia pumzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofanywa kwa nyoka wa jamii ya boa, ulionyesha kwamba damu ya panya aliyekabwa huacha kuzunguka katika sekunde chache tu. Basi nyoka mwenye afya na njaa, akimpata panya barabara, huenda akamwua upesi kuliko mtu mwoga anayepiga mara tatu akikosa. Kwa hiyo kusema tu "muueni kwanza" hakutoshi. Kuua vibaya kwa mkono wa mtu si huruma kwa sababu tu ni mkono wa mtu. Tatizo la sanduku si zile sekunde chache. Ni saa zinazotangulia, ambapo panya anamwona na kumnusa adui naye hana pa kwenda, na ni nyakati zile ambapo nyoka hakumpata barabara au hakumtaka kabisa.

Sasa tuseme yale yanayofanyika mahali ambapo jambo hili limefikiriwa vizuri, kwa kuwa mzee alitaka kujua la kufanya, na hotuba haikumtosha. Nyoka hahitaji panya hai. Chatu hutambua chakula kwa harufu, akiionja hewa kwa ulimi wake na kuipeleka kwenye kiungo kilichopo katika kaakaa, na kwa joto, maana kando ya midomo yake mna vishimo vinavyohisi joto la mwili. Panya aliyekufa, akipashwa moto kwa kutiwa ndani ya mfuko kwenye maji ya vuguvugu, kisha akachezwa kidogo mbele ya nyoka kwa koleo refu, huwa na kila dalili ambayo nyoka huitafuta. Nyoka aliyezoea walio hai hukataa mara ya kwanza na pengine ya tatu. Hilo si hatari, kwa kuwa chatu mzima mwenye afya aweza kukaa wiki nyingi bila kula. Anayekosa subira hapa ni mtu.

Ama jinsi ya kumwua panya kabla ya hapo, wataalamu wa mifugo wameainisha njia zinazokubalika na zisizokubalika. Kumvunja shingo kwa tendo moja kunakubalika, lakini kwa mkono uliofundishwa tu. Iko pia hewa ya kaboni dioksaidi, inayoingizwa polepole ndani ya chombo mpaka panya azimie. Mwongozo wa chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani wa mwaka 2020 unataja asilimia 30 hadi 70 ya ujazo wa chombo kwa kila dakika. Hata njia hii ina wapinzani, kwa kuwa panya wakipewa nafasi huikimbia hewa hiyo kabla hawajazimia. Kumzamisha majini hakukubaliki, wala kumtia hai ndani ya friza, ijapokuwa wengi hudhani kwamba baridi ni usingizi mtamu. Kwa panya mzima si usingizi, ni mateso ya polepole. Panya waliokwisha kuuawa vizuri ndio huwekwa ndani ya friza, na hapo hukaa miezi.

Mzee aliuliza kuhusu wale vijana na mitego yao. Tulimwambia aache. Panya wa mtaani huenda amekula ile sumu tuliyoitaja, na sumu iliyomo tumboni mwake huweza kumdhuru nyoka pia. Vilevile hubeba vimelea. Afadhali panya wafugwao kwa kazi hiyo, wakipewa chakula, maji na nafasi ya kujificha katika siku zao chache. Mtu akisema kwamba ni kichekesho kumtunza vizuri atakayeuawa, amuulize mfugaji yeyote wa ng'ombe wa hapa Rwanda.

Lakini je, nyoka mwenyewe alipaswa kuwamo sandukuni? Hapa tuligawanyika wawili kwa wawili, na mpaka leo tumegawanyika. Hesabu yenyewe yatosha kumfanya mtu afikiri mara mbili. Chatu wa aina ile akitunzwa huishi miaka 20 na zaidi. Panya mmoja kila siku kumi ni panya 36 kwa mwaka, na katika miaka 20 wamepita 700. Huo ni uhai mwingi kwa ajili ya mtu mmoja kufurahia kutazama. Katika nchi yetu tumepata kuliona jambo linalofanana na hili. Kwa miaka mingi korongo wenye taji, ndege tuwaitao imisambi kwa Kinyarwanda, waliwekwa katika bustani za majumba na mahoteli, mabawa yao yamekatwa, ati ni mapambo. Tangu mwaka 2014 juhudi za kuwahifadhi zimewatoa zaidi ya 200 katika utumwa huo. Walioweza kuruka walipelekwa Akagera, na walemavu wakapewa makao yao Kigali. Wenzetu wawili wanasema: na nyoka ni hivyohivyo, kufuga kwa namna hii ni kufunga kulikopungukiwa na herufi moja.

Wawili wengine, na mwandishi wa mistari hii yumo upande huo, wanajibu kwamba korongo alikuwa na Akagera pa kurudi. Chatu wa Afrika Magharibi hana kwao hapa. Kumwachia huru katika bustani ya Gisenyi ni kumwua kwa baridi, au kuleta mgeni asiyefaa katika nchi. Yupo tayari, na hawezi kufundishwa kula majani. Aliyemchukua amechukua pia wajibu wa vifo vyote vitakavyomlisha, na kazi yake ni kuhakikisha kila kimoja ni kifupi kadiri inavyowezekana, tena bila watazamaji. Kama mzigo huo ni mzito mno kwake, basi asimchukue nyoka mwingine huyu akiisha kufa.

Wakati wa ubishi huo mmoja wetu alituchekesha kwa jambo la lugha ambalo tangu siku hiyo tumelitumia darasani. Alisema: liandikeni neno mnyama. Sasa liondoeni herufi ya kwanza. Kilichobaki ni nyama. Wanafunzi hucheka sana, kisha hunyamaza kidogo. Tuliwaeleza kuhusu Magawa, panya buku aliyezaliwa Tanzania na kufunzwa Morogoro, aliyenusa mabomu ya ardhini huko Kambodia, zaidi ya mia moja, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la wanyama la Uingereza. Alikufa mwezi wa Januari 2022, na magazeti ya dunia yakaandika tanzia. Binti mmoja wa kidato cha pili akauliza kama Magawa angekuwa ametiwa katika lile sanduku la Gisenyi, nani angejua kwamba yeye ni Magawa. Ni mtoto wa miaka kumi na minne. Tulimpa alama zote.

Mwenye nyumba alirudi baada ya wiki kadhaa. Si mtu mkatili, na tusingependa msomaji amfikirie hivyo. Aliamini, kama wengi waaminivyo, kwamba nyoka hali kilichokufa. Alipouona mgongo wa chatu wake alilia mbele ya mpishi, jambo lililomtahayarisha mzee kupita yote yaliyotangulia. Kidonda kilipona, kikaacha kovu pana lisilo na magamba. Tangu hapo panya hununuliwa wakiwa wamekwisha kuuawa, huletwa kutoka mbali wakiwa katika barafu, na viti havijongezwi tena. Mara ya kwanza nyoka alikataa, na ya pili pia. Mara ya tatu alikula.

Likabaki jambo moja dogo, nalo lilimrudisha mzee barazani kwetu. Ndani ya friza ya jikoni panya walikuwa wamewekwa katika mfuko karibu na nyama ya ng'ombe, na mzee, kwa kuogopa kosa, alikuwa ameandika juu ya mfuko: NYAMA YA NYOKA. Msichana wa kufua nguo alipousoma alikimbia nyumba, akaeneza habari mtaani kwamba tajiri anakula nyoka. Tulimweleza mzee kwamba kosa si lake. Ni la kile kiunganishi chetu cha -a, ambacho hakisemi ni nyama itokayo kwa nyoka au ni nyama impasayo nyoka. Tukamshauri aandike CHAKULA CHA NYOKA. Alifikiri, akasema chakula ni kile anachopika yeye. Siku iliyofuata mmoja wetu alipita pale akauona mfuko. Mzee alikuwa amelikata lile neno la zamani kwa mstari, na chini yake ameandika kwa herufi kubwa, kwa wino wa buluu: PANYA.